Ukimya wa Chiriku

9 Januari

Mjukuu wangu,

Nimekuficha mambo mawili. La kwanza nalisema leo kwa sababu limeniharibikia mkononi. La pili litasubiri, na nikienda nalo, usinilaumu sana.

La kwanza ni hili: ninakusikiliza. Asubuhi ile ya kwanza uliposema, "Hapa ni Chiriku wenu," nilikuwepo. Najua niliapa mbele yako kwamba redio yenu haitaingia nyumbani kwangu. Haijaingia. Inapitia kwenye simu, na simu haikutajwa katika kiapo.

Sasa salamu. Sisi hatujambo. Shangazi yako mzima, ila magoti yanamwambia mvua kabla ya mawingu. Jirani yetu fundi cherehani amepata mjukuu, basi anajiona mzee mwenzangu na kunishauri mambo ya uzee. Mimi niko kama shati kuukuu: ukishona hapa, linachanika pale. Daktari anasema moyo umechoka. Nikamwambia una haki, haujawahi kupewa likizo.

Shida yangu iko kwenye ile simu kubwa aliyonipa shangazi yako nisomee magazeti. Kila asubuhi najifunika shuka, nachomeka vile vidude vya masikioni, naye hudhani nasoma tahariri. Lakini tangu mwaka mpya, nikibonyeza ile alama niliyoihifadhi, kiduara kinazunguka, kinazunguka, kama mbwa anayetafuta pa kulala, na hakilali. Siwezi kumwuliza shangazi yako. Yeye ndiye anayewaambia wageni wote kwamba Baba hataki kuisikia redio ile, na huwaambia kwa majivuno.

Niandikie hatua kwa hatua, kwa herufi kubwa. Usipige simu.

Babu yako


2 Februari

Babu, shikamoo.

Barua yako imenikuta ngazini nikiingia kazini. Nilianza kuisoma nimesimama, nikamaliza nimeketi kwenye ngazi, watu wananiruka.

Miaka mitatu! Kila alfajiri nikikaa mbele ya kipaza sauti najiambia, kuna nyumba moja duniani ambayo hainisikii. Kumbe umo ndani ya shuka! Hilo jina unalijua lilikotoka. Nilipoacha chuo cha ualimu ulisema, "Sikukusomesha uwe chiriku." Hapa waliponiuliza hewani nitajiitaje, neno lililokuwa mdomoni lilikuwa hilo moja. Nilitaka likuchome. Sasa sijui limekuchoma au limekuchekesha.

Haya, mgonjwa wetu kiduara. Kosa si lako. Mwaka mpya kituo kilihamishia matangazo ya mtandaoni kwenye anwani nyingine, kwa hiyo alama yako inabisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Ifute. Andika jina la kituo upya, kama unaanza. Ukurasa ukifunguka utaona pembetatu nyekundu. Ibonyeze mara moja. Mara moja, Babu! Kisha subiri. Ikiwa kimya, tazama kialama cha spika. Kikiwa kimepigwa mstari, kiguse mstari uondoke. Na ukiibonyeza ili usimamishe, ukirudi usiendelee pale pale, fungua ukurasa upya, la sivyo utasikia habari za saa iliyopita ukidhani ni za sasa.

Mimi mzima. Nimepanga chumba kipya juu ya duka la viatu. Usiku mzima nanusa ngozi na gundi. Na kuna jambo: mkuu wa matangazo ananijaribu kwenye taarifa ya habari ya jioni, ile kubwa. Majaribio ni hadi Juni. Hakuna msomaji wa umri wangu aliyewahi kuipata.

Kwa nini nisipige simu? Dakika moja tu. Nataka kukusikia ukinicheka.

Mjukuu wako


21 Februari

Mjukuu wangu,

Hatujambo. Shangazi yako anajiuliza nani anayemaliza bando humu ndani, na amemtuhumu fundi cherehani.

Pembetatu imekubali. Mara ya kwanza niliibonyeza, nikaona inachelewa, nikafungua ukurasa mwingine na kuibonyeza tena. Mkatokea Chiriku wawili, mmoja akimfuata mwenzake nyuma nyuma na kurudia kila anachosema. Nilidhani ni dawa mpya ya moyo. Nikafunga ukurasa mmoja, ukabaki peke yako.

Jumatano ulisema "nyimbo hii." Wimbo, mjukuu wangu. Wimbo. Sikukulea hivyo.

Taarifa ya jioni ninaisikiliza sasa. Sitasema mengi, kichwa chako kisije kikashindwa kupita mlango wa studio. Nitasema kwamba uliposoma habari ya wale wachimbaji kisima waliookolewa, ukafika nukta, ukanyamaza, mimi nilisahau kumeza dawa.

Lakini hapo ndipo penye tatizo jipya. Uliponyamaza, gitaa likaingia! Gitaa, na mtu anaimba kuhusu mpenzi wake, juu ya wachimbaji kisima. Kisha likakatika, ukarudi katikati ya habari nyingine. Jioni hiyo limeingia mara kadhaa. Ni simu yangu, au ni nini?

Kuhusu kupiga simu: simu ni ya wafanyabiashara na wachumba. Sisi wengine tuna kalamu.

Babu yako


16 Machi

Babu, shikamoo. Shangazi naye shikamoo, ingawa hajui kama nakuandikia haya.

Nimepeleka habari ya gitaa kwa fundi mitambo wetu. Ni mtu mwema, ila kila kosa kwake ni kosa la msikilizaji. Kasema zima simu kabisa uiwashe. Funga kurasa zote nyingine. Kaa karibu na dirisha mtandao ukufikie vizuri. Kama bado, jaribu kuufungua ukurasa kwa kivinjari kingine. Nimekuandikia yote kwa utaratibu nyuma ya karatasi hii.

Lakini Babu, si wewe peke yako. Watu waliosafiri, wanaotusikiliza kwa mtandao, wameanza kuandika: "Mbona Chiriku anakatizwa na nyimbo hii?" (Wao nao wanasema nyimbo.) Wenye redio za kawaida hawalalamiki kabisa.

Mkuu wa matangazo ameshika jambo hilo na kuliunganisha na jingine. Aliniita.

"Binti, wewe unasoma habari au unahubiri?"

"Nasoma habari, mkuu."

"Basi mbona kila nukta unakaa kama umemsahau mwenzako kituoni? Soma, pita. Mwenzio wa saa nane anamaliza habari kumi, wewe saba."

"Ndivyo nilivyofundishwa."

"Na nani? Kwa sababu gani?"

Nikamwambia nilifundishwa na babu yangu. Sababu nikamtajia ile uliyokuwa ukitwambia: nukta ni heshima kwa msikilizaji. Akacheka. Akasema heshima ya msikilizaji ni kumpa habari, si kumpa ukimya.

Unakumbuka jioni zile mezani? Unatupa gazeti tusome kwa sauti, tukifika nukta unainua kidole, na ole wake atakayeendelea kabla hakijashuka. Mpaka leo nikiwa studio nakiona kidole. Ila sijawahi kujiuliza kwa nini. Niambie, Babu. Sababu yenyewe hasa ilikuwa nini? Mkuu anaitaka, na taarifa ya jioni iko mikononi mwake.

Naomba nikupigie.

Mjukuu wako


7 Aprili

Mjukuu wangu,

Barua yako imekaa siku nyingi mezani kwa sababu nilikuwa kazini. Ndiyo, kazini. Mzee wa watu nimefanya uchunguzi.

Nilizima simu, nikaiwasha. Nikafunga kurasa. Nikasogezwa dirishani, ambako sasa naona wanaopita na wao wananiona. Gitaa likaendelea. Nikaona fundi wenu ananitibu ugonjwa wa mtu mwingine.

Kisha kidude kimoja cha masikioni kikachomoka na sauti yako ikalipuka chumba kizima. Shangazi yako akaingia na ufagio mkononi.

"Baba! Nani huyo?"

"Gazeti."

"Gazeti linaongea?"

"Siku hizi."

Akanitazama, akaitazama simu, akaketi kitandani, ufagio mapajani. Nilijiandaa kwa hotuba. Akasema, "Miaka mitatu, Baba! Miaka mitatu namsikiliza kwenye redio ndogo nyuma ya masufuria, sauti chini kabisa, naunguza vitunguu kwa kuogopa usisikie!" Tukacheka hadi nikakohoa, nikakohoa hadi akaniletea maji.

Hapo uchunguzi ukapata vifaa. Jioni tuliweka redio yake ya jikoni upande huu, simu upande ule. Redio hutangulia, simu inafuata nyuma kama mimi nikitembea nawe. Redio inakwaruza, lakini ukifika nukta na kunyamaza, inakwaruza tu, kisha unaendelea. Simu, ukinyamaza, baada ya pumzi chache: gitaa! Kesho yake mchana tukamsikiliza yule mwenzio wa saa nane, anayesoma kama anafukuzwa na nyuki. Hakupata gitaa hata mara moja.

Kwa hiyo mwambie fundi hivi. Kosa haliko kwangu wala haliko kwako. Liko katikati, pale sauti inapoondoka studio kwenda mtandaoni. Kuna kitu pale kisichovumilia ukimya.

Nimeandika haya kwa fahari ambayo sikuwa nayo tangu siku wanafunzi wangu wote walipofaulu mtihani. Shangazi yako anasema nimepata rangi.

Lile swali lako jingine, karatasi imekwisha.

Babu yako


30 Aprili

Babu, shikamoo.

Karatasi ilikuwa na upande wa nyuma mtupu. Nimeuona.

Lakini kwanza pokea heshima zako. Nilimsomea fundi mitambo barua yako. Alianza kwa kutabasamu, kama mtu anayemsikiliza mtoto. Nilipofika kwenye "kitu kisichovumilia ukimya" akajipiga paji la uso, akakimbia. Namaanisha alikimbia, yeye na tumbo lake, hadi chumba cha mitambo.

Kuna kifaa, Babu. Kazi yake ni kulinda matangazo ya mtandaoni. Kikisikia kimya kimezidi, kinadhani studio imekufa, kinaweka wimbo wa akiba hadi sauti irudi. Walipohamia anwani mpya kilifungwa kifaa kipya chenye subira fupi. Wasomaji wengine hawanyamazi kiasi cha kukitisha. Mimi tu! Mashine inanitangazia kifo mara nne kila jioni.

Fundi akasema, "Kazi ndogo, nakiongezea subira." Mkuu akasema hapana. "Msimrekebishie mashine. Mrekebisheni msomaji." Fundi akanong'ona, "Mwambie babu yako aombe kazi hapa, mimi nastaafu."

Kwa hiyo nimeambiwa: mwisho wa Mei nisome mbele ya wakuu wote, ndipo waamue. Nitasoma kwa namna yangu. Lakini nataka kuingia pale na jibu mkononi. Umeniambia kosa liko wapi ilhali fundi mwenyewe hakujua, na neno moja dogo unalikwepa. Kama hutaki kuniambia, basi sema kwamba hutaki.

Halafu nilipiga simu Jumapili. Shangazi akasema umelala. Babu, nilikusikia ukikohoa pembeni yake.

Mjukuu wako


22 Mei

Mjukuu wangu,

Nilikuwa hospitali siku chache. Sasa nimerudi kwenye dirisha langu. Shangazi yako ananisaidia kushika karatasi isiteleze.

Nenda ukasome kwa namna yako.

Sitaki kusema. Umeniomba niseme hivyo, nimesema.

Babu yako


20 Juni

Babu, shikamoo. Pole sana. Shangazi ameniandikia kwamba unakula vizuri na unagomba na daktari, nikashukuru.

Nimeipata. Taarifa ya habari ya jioni ni yangu.

Wakuu walikaa nyuma ya kioo. Nilisoma habari ya meli ya mizigo, ya bei ya unga, ya mwalimu aliyezikwa na wanafunzi wake. Nilipofika nukta ya mwalimu nikanyamaza. Nyuma ya kioo mzee mmoja wa bodi alikuwa anakoroga chai, akaacha kijiko. Fundi alikuwa amekiongezea kifaa subira bila ruhusa, akasimama mlangoni anajifanya anatafuta waya. Wimbo haukuingia.

Mkuu alikuja baadaye peke yake. Hakuwa mkali. Akasema, "Umeshinda, na mashine tutaiacha na hiyo subira yake mpya. Sasa amua mwenyewe kuhusu huo ukimya. Lakini jua jambo moja. Msomaji anayefanya kitu na hajui kwa nini anakifanya, huyo kweli ni chiriku: mdomo unalia, kichwa hakijui kwa nini."

Maneno yale yamenikaa, Babu. Yanauma kwa sababu yanafanana na yako. Nimekuwa nikitii kidole ambacho sikijui. Labda zilikuwa mbwembwe za mwalimu tu, nami nimezibeba kama urithi. Sikulaumu. Lakini kuanzia tarehe mosi Agosti nitasoma kama wenzangu wanavyosoma. Nukta, pumzi, napita.

Nilitaka usikie kwangu, si kwenye simu ukiwa ndani ya shuka.

Mjukuu wako


11 Julai

Mjukuu wangu,

Hatujambo, kwa kiasi cha nyumba yenye mgonjwa. Magoti ya shangazi yako yanaahidi mvua. Mjukuu wa fundi cherehani ameota jino na kumng'ata babu yake, nami nimempongeza mtoto.

Barua hii nimeiandika kwa siku kadhaa, kidogo kidogo. Ukiona wino umebadilika, ni hivyo.

Juzi nilifanya jambo ambalo sijawahi kufanya. Nilimtuma shangazi yako awaite majirani. Wakaja fundi cherehani na mkewe, muuguzi anayenichoma sindano, na dereva wa lori anayepanga chumba cha uani. Shangazi yako aliiweka simu ndani ya bakuli la bati ili sauti itoke kubwa. Akawaambia, "Baba anawakaribisha kumsikiliza mjukuu wake." Akasita hapo, akanitazama kama nitakana. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Ukasoma habari ya daraja lililosombwa. Ukafika nukta. Ukanyamaza.

Dereva akanong'ona, "Amekwama?"

"Nyamaza wewe," shangazi yako akamwambia. "Hajakwama. Anakusubiri."

Nikawatazama. Fundi cherehani alikuwa ameinama mbele, mdomo wazi. Muuguzi ameshika sindano hewani. Dereva, ambaye amevuka daraja lile mara nyingi, alikuwa anafuta macho. Gitaa halikuingia. Ukaendelea, nao wakapumua wote pamoja. Nimefundisha maisha yangu yote, na sijawahi kuona darasa limetulia hivyo. Nilijivuna mbele za watu bila haya. Nilikosea niliposema sikukusomesha uwe chiriku. Kama ndege mwenyewe ni huyu, basi nilikusomesha kwa hilo hilo.

Sasa jambo la pili, nilifikishe kabla ya Agosti, maana Agosti siwezi kuiahidi.

Nilikwambia kwamba nukta ni heshima kwa msikilizaji. Siku hizi ni kweli, wewe umeifanya kuwa kweli. Nilipoitunga haikuwa.

Nilipokuwa shuleni, kuna maneno yaliyokataa kutoka kinywani mwangu. Yalisimama mlangoni yakigonga, yakigonga, na wenzangu wakanimalizia sentensi huku wakishika mbavu kwa kicheko. Ndipo nikagundua kitu ambacho hakuna aliyenifundisha: msomaji akinyamaza katikati ya sentensi, huchekwa, akinyamaza kwenye nukta, husubiriwa. Nikaanza kuzirefusha nukta. Ndani ya ukimya ule nililitafuta neno linalofuata, nikaligeuzageuza ulimini hadi likalainika, kisha nikalisema. Mwalimu akaliambia darasa, "Sikieni mwenzenu anavyosoma kwa utulivu." Nikapewa kalamu ya zawadi.

Nikakua, nikawa mwalimu, ulimi ukafunguka. Kilichokuwa gongo langu la kutembelea nikawafundisha watoto wa watu kama kanuni ya usomaji, na watoto wangu, nawe. Kidole nilikiinua kwa heshima kubwa ili asiwepo wa kuuliza. Bibi yako alijua. Baba yako hakujua, na shangazi yako anajua leo, kwa kuwa ameshika karatasi hii na macho yake yanafika.

Wewe ulimi wako haukuwahi kufungwa. Hukuihitaji nukta yangu hata mara moja. Ukapachukua mahali nilipokuwa najificha, ukapafanya sebule, watu wanaingia na kuketi. Mkuu wako ana haki ya kuuliza sababu. Mpe hii ukipenda. Ukitaka kuukata ukimya, ukate, wewe ndiye msomaji. Ila usiukate kwa kudhani zilikuwa mbwembwe.

Na simu zako zote nilizisikia zikilia. Mwaka juzi nilipoanguka bafuni, kuna kitu kilichoamka nami. Shangazi yako amedhani nimekuwa mchache wa maneno kwa uzee. Hukunipata kwenye simu kwa sababu sikutaka wewe, unayeisomea nchi nzima bila kujikwaa, unisikie nikishindwa kulitamka jina lako. Nina kigugumizi, mjukuu wangu. Nilizaliwa nacho, na kimerudi.